Tani Ngapi, Kwa Mizani ya Nani?



Kila msimu wa bajeti ukifika, na kila kampeni ikianza, Liganga inafufuka. Kiongozi anasimama, anataja tani milioni 126 za chuma, meza zinagongwa, makofi yanapigwa, kisha Liganga inarudi kulala mpaka msimu mwingine. Hiyo ya chama tawala tumeizoea. Leo nataka tuzungumze na ya kwetu, bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ya kwetu ni hii. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tunaichukua namba ileile, tunaizidisha kwa bei ya chuma ya soko la dunia, tunapata matrilioni, tunagawanya kwa idadi ya Watanzania, halafu tunatengeneza bango: "Kila Mtanzania anaibiwa kiasi hiki." Bango linasambaa nchi nzima kabla ya saa sita mchana. Na hesabu yake ni ya hovyo. Ni sawa na kumwona ng'ombe wa jirani kwa mbali, jioni, vichakani, ukakisia uzito wake kwa macho, ukauzidisha kwa bei ya mishkaki ya Mwenge, kisha ukaenda mahakamani kudai hela. Hujatoa ngozi, hujatoa mifupa, hujalipa mchinjaji wala mkaa. Na huyo ng'ombe hata hujamfunga kamba.

Hoja yangu ni moja tu, na nitaisema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: tani zilizo chini ya ardhi hazihesabiwi, zinakadiriwa. Kukadiria ni kuchagua. Na anayechagua ndiye ameshika mizani. Kama upinzani hatudai kuiona mizani, basi tunagombea bei ya gunia ambalo mwenzetu ndiye amelijaza.

Nasema gunia makusudi. Liganga iko Ludewa, mkoa wa Njombe, na mkulima wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa kuliko profesa yeyote. Gunia linajazwa, linapandishwa kichwa juu, linashonwa kwa kamba, na bado linaitwa gunia moja. Ndiyo maana tuna Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo anapita sokoni kukagua mizani ya mama anayeuza nyanya. Vizuri sana. Sasa naomba kuuliza: nani anakagua mizani ya mwamba?

Somo liko Kalahari

Ili tuelewane, nitawapeleka kwanza Afrika Kusini, jimbo la Northern Cape, kwenye mji mdogo unaoitwa Hotazel. Naenda huko kwa sababu ndiko swali hili linaonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote Afrika. Chini ya mchanga wa Kalahari kuna miamba ya chuma yenye mistari mistari, iliyotandikwa chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Katikati ya hiyo miamba ya chuma, kama nyama kati ya vipande vya mkate, kuna tabaka tatu za manganizi. Hilo ndilo eneo lenye manganizi nyingi kuliko lote duniani kwenye nchi kavu.

Manganizi ni nini kwako wewe kijana wa Mbagala au Ngarenaro? Ni ile chumvi ya chuma. Bila manganizi hakuna nondo imara, hakuna reli, hakuna daraja. Sehemu kubwa kabisa ya manganizi ya dunia inaishia kwenye viwanda vya chuma, na siku hizi kiasi kinaingia kwenye betri za magari ya umeme. Kwa hiyo ni madini yenye wenyewe, na wenyewe wana haraka.

Kilima cheusi kinachoitwa Black Rock kilichokuwa kimechomoza mchangani kiliandikwa na mjiolojia Rogers mwaka 1907. Uchimbaji ulisubiri hadi miaka ya 1940. Manganizi ilikuwa palepale miaka yote hiyo, haikuongezeka hata kilo. Kilichoongezeka ni mashimo ya uchorongaji, reli, na watu wanaotaka kununua. Namba ikakua, mwamba ukabaki vilevile. Hapo ndipo utakapoanza kuelewa kwamba "tani" si kitu kinachookotwa ardhini kama embe. Ni hitimisho. Na sisi tunaosoma sheria tunafundishwa kwamba hitimisho lolote lina hatua zake, na kila hatua inaulizwa maswali.

Haya, tuziulize.

Swali la kwanza: umeona nini hasa? Ndege ya utafiti ikipita juu na kipimo cha sumaku, inaona chuma, kwa sababu madini ya chuma aina ya magnetaiti yanavuta sumaku sana. Manganizi yenyewe haivuti hivyo. Kwa hiyo ile ramani nzuri yenye rangi nyekundu na bluu inayooneshwa kwenye makongamano ya uwekezaji inakuambia miamba ya chuma inapita wapi. Haikuambii manganizi iko kiasi gani ndani yake. Hilo utalijua kwa kuchoronga, kutoa kiini cha mwamba, kukipasua na kukipeleka maabara. Anayekuonesha ramani ya sumaku akaita ni akiba ya madini, huyo anakupiga chenga mchana kweupe.

Swali la pili: umepima uzito au umeukopa? Fanya hesabu hii hapohapo ulipo. Chukua eneo la kilomita 1 ya mraba lenye tabaka la unene wa mita 10. Hiyo ni mita za ujazo milioni 10. Ukisema kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 3.5, una tani milioni 35. Ukisema ni tani 4, una milioni 40. Umeongeza tani milioni 5 kwa kalamu, hakuna shimo jipya lililochorongwa. Na tofauti hiyo si ya kubuni kiholela, kwa sababu mwamba wenye manganizi uliooza na kuwa na matundu ni mwepesi, ulioshikana ni mzito, na ule wa chuma ulio jirani una uzito wake. Aliyekopa namba moja kwenye kitabu akaipaka eneo zima ameshona lumbesa.

Swali la tatu: asilimia ya nini? Hapa ndipo wengi tunapigwa. Maabara mara nyingi inatoa majibu kwa oksidi, yaani manganizi ikiwa imeshikana na oksijeni. Sasa asilimia 50 ya oksidi ile yenye oksijeni mbili ni takribani asilimia 32 tu ya manganizi halisi. Iliyobaki ni hewa unayovuta bure. Mambo ni yaleyale kwa titani: asilimia 10 ya oksidi yake ni kama asilimia 6 ya titani yenyewe. Mwanasiasa akisimama jukwaani akasema "madini yana ubora wa asilimia hamsini", mwulize hapohapo: ya nini? Asipojibu, basi naye kasomewa tu.

Swali la nne: umekatia wapi? Kila makadirio yana kiwango cha chini. Jiwe lililo chini ya hapo linahesabiwa kuwa kifusi. Kalahari ina manganizi za aina mbili. Ile iliyo nyingi kupita kiasi ina manganizi kama asilimia 37. Nyingine, iliyoboreshwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za ardhi zamani, inavuka asilimia 44, lakini ni kasehemu kadogo tu ka eneo lote. Sasa ukiweka mstari wa kukata kwenye 30, una utajiri wa dunia. Ukiuweka kwenye 44, karibu wote unafutika kwenye daftari. Mwamba haujaguswa, mstari ndio umehama. Na nani anahamisha mstari? Bei, gharama, na wakati mwingine maslahi: mtu anayetaka kuuza hisa atapenda namba kubwa, mtu anayekwenda kujadiliana na serikali kuhusu mgao atapenda ndogo. Mtu huyohuyo, mwamba uleule, mwaka uleule.

Swali la tano, na hili ndilo la miamba ya chuma hasa: kuna chuma kiasi gani pembeni? Ukiyeyusha manganizi yenye chuma, vyote viwili vinaingia kwenye chungu. Kiwanda cha feromanganizi ya kawaida kinataka manganizi takribani saba kwa chuma moja. Tabaka la manganizi likiwa limebanwa na chuma juu na chini, ukichimba bila uangalifu ukakomba na jirani, uwiano unashuka na bei nayo inashuka. Kwa hiyo kuna tani nzuri na tani mbaya zenye asilimia ileile ya manganizi. Bango letu la WhatsApp halijui tofauti hiyo. Mnunuzi anaijua vizuri sana.

Swali la sita: mashimo yako yameachana kiasi gani? Kati ya shimo na shimo hakuna aliyeona, ni kukisia kwa kutumia akili na hesabu. Mashimo yakiwa karibu, kisio ni la mtu mzima. Yakiwa mbali, ardhi inaweza kuwa imepasuka katikati na tabaka likashuka au likakatika kabisa, na wewe umelichora linanyooka kama rula. Kalahari kwenyewe tabaka zimekatwa na nyufa na sehemu nyingine zililiwa na mmomonyoko wa kale. Ndiyo maana wataalamu wamegawa makadirio kwa ngazi za uhakika: yaliyokisiwa, yaliyooneshwa, na yaliyopimwa. Juu ya hapo ndipo inakuja akiba inayochimbika kwa faida, baada ya kuzingatia barabara, reli, umeme, maji, bei na sheria. Manganizi ya Hotazel inasafiri karibu kilomita 1,000 kwa reli hadi bandari ya Gqeberha. Bila ile reli sehemu kubwa ya utajiri ule ungekuwa mawe.

Weka hayo sita kichwani, rudia tena ile sentensi, "Tuna tani milioni 126." Ni za ngazi ipi? Zimekatiwa wapi? Zilipimwa na nani, mwaka gani, kwa mashimo mangapi? Unaona sasa? Namba inapigiwa makofi, maswali hayapigiwi.

Dunia ilijifunza kwa kulia

Mtu anaweza kusema, huyu binti kasoma kurasa mbili za jiolojia anataka kutusumbua. Jamani, haya hayakuanza kwangu. Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza dhahabu ya kutisha huko Busang, Indonesia. Hisa zikapaa, wazee wakaweka mafao yao, wanasiasa wakagombania mgao. Mwaka 1997 wapimaji wengine walipochoronga upya, hawakukuta dhahabu ya maana. Sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu. Watu walilia.

Wenzetu walipomaliza kulia wakatunga kanuni. Kanada ikaweka yake mwaka 2001. Australia ilikuwa nayo tangu 1989, inaitwa JORC. Afrika Kusini ina SAMREC. Zote zinasema karibu jambo moja: ukitangaza tani, taja ngazi, taja mstari wa kukata, eleza sampuli zilikusanywaje, na weka jina la mtaalamu mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano kwenye aina hiyo ya madini, ambaye akidanganya chama chake cha kitaaluma kinaweza kumwadhibu. Kanuni za Kanada zinakataza hata kujumlisha yaliyokisiwa na yaliyopimwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Makampuni yanayochimba manganizi ya Kalahari, kama South32 na African Rainbow Minerals, yako kwenye masoko ya hisa. Kwa hiyo kila mwaka yanachapisha majedwali ya makadirio yao. Mtu mwenye hisa moja, amekaa Johannesburg au Sydney anakunywa kahawa, anafungua simu na kuona tani, kiwango, ngazi na jina la aliyekadiria. Hana uhusiano na mwamba ule zaidi ya hisa yake moja. Halafu mwananchi wa Ludewa, ambaye babu yake kazikwa pembeni ya huo mwamba, anapewa hotuba.

Mwenye hisa ana haki ya kujua na mwenye nchi hana? Kwa Katiba ipi? Ibara ya 18 inatupa haki ya kupata taarifa. Ibara ya 27 inatupa wajibu wa kulinda maliasili. Utalindaje mali ambayo hujui kiasi chake? Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Turudi nyumbani

Mkataba wa Liganga na Mchuchuma kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulitiwa saini mwaka 2011. Mgao wa hisa ulikuwa asilimia 20 kwetu, 80 kwao. Miaka zaidi ya kumi ikapita hakuna tanuru lililowaka. Watu wa vijijini walikaa na maeneo yaliyotathminiwa, hawajui wajenge au wasijenge, wapande miti au wasipande, mpaka malipo ya fidia yalipoanza kutoka mwaka 2023. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka wa saini alikuwa kashamaliza kidato cha nne.

Na Liganga, kama Hotazel, si chuma peke yake. Mwamba ule wa chuma umebeba titani na vanadi ndani yake. Hapa somo la Kalahari linatugusa moja kwa moja. Ukihesabu kwa jicho la chuma tu, titani inaonekana ni kero, kwa sababu kwenye tanuru la kawaida la chuma inasumbua kweli. Ukihesabu kwa jicho la aliye na teknolojia ya kuitenganisha, kero inageuka mali. Mkoa wa Sichuan alikotoka mwekezaji wetu una Panzhihua, moja ya maeneo makubwa duniani yanayochimba mwamba wa aina hiyohiyo, chuma chenye titani na vanadi. Kwa hiyo tuliokaa mezani hatukuwa sawa: mmoja alikuja anaujua mwamba huo kwao, mwingine alikuja na tani milioni 126 za hotuba. Simlaumu Mchina kwa kujua. Nauliza sisi tulijua nini kabla ya kusaini, na kwa nini mimi na wewe hatujalisoma hilo jedwali.

Msiseme ni la zamani. Mwaka 2017 tuliona sakata la makinikia. Kamati ya Rais ikasema mchanga ndani ya makontena 277 una wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Kampuni ikakana. Nchi ikagawanyika kwa ushabiki kama Simba na Yanga. Likaja dai la kodi la dola bilioni 190, na mwisho wa safari makubaliano yakawa dola milioni 300. Sitaki kuhukumu nani alisema kweli, maana ushahidi wa kuhukumia sijauona, na wewe hujauona. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Uliwahi kuona maabara ya tatu ikipima makontena yaleyale mbele ya pande zote mbili? Sheria ya Ushahidi haikubali mtaalamu aje mahakamani aseme "ni hivi kwa sababu mimi ni profesa". Lazima aoneshe msingi wa maoni yake. Kwenye kesi ya kuku tunadai hivyo, kwenye madini ya taifa tunaridhika na televisheni.

Na anayedhani makadirio ni makaratasi tu, amwulize mlipakodi kuhusu Ntaka Hill, Nachingwea. Mradi wa nikeli. Hapakuwa na mgodi, haikuuzwa tani hata moja. Kulikuwa na leseni ya kuhodhi eneo, mashimo ya uchorongaji na makadirio. Sheria zilizopitishwa kwa hati ya dharura mwaka 2017 zikafuta aina hiyo ya leseni, wawekezaji wakatupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2023 tukaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata tukamalizana nao kwa dola milioni 90. Soma tena: dola milioni 90 kwa mgodi usiokuwepo. Makadirio tunayoambiwa tuwaachie wataalamu yaligeuka kuwa pesa taslimu, na zimelipwa na wewe mlipakodi.

"Nyie vijana mnakwamisha"

Najua majibu yatakayokuja, nayajibu mapema.

Watasema takwimu ni siri ya biashara. Siri ipi? Sidai kila sampuli ya kila shimo iwekwe mtandaoni wakati mtafutaji bado anatafuta. Kuna mambo ya ushindani, naelewa. Nadai jedwali la jumla na jina la aliyelisaini. Hilo Johannesburg linachapishwa kila mwaka na biashara haijafa.

Watasema hamna utaalamu. Hakimu si daktari, lakini anamhoji daktari na anatoa hukumu kwenye kesi ya mauaji. Mwananchi hahitaji shahada ya jiolojia kuuliza "umekatia wapi?" Anahitaji kuzaliwa na akili na kukataa kufanywa mjinga.

Watasema tutawafukuza wawekezaji. Mwekezaji wa kweli anakopa benki, na benki haimpi senti bila ripoti hizohizo. Anayekimbia akiombwa jedwali alikuwa dalali tangu mwanzo. Aende salama.

Na watasema tayari tuna asilimia 16 za hisa zisizofifishwa, kwa sheria. Tunazo, sawa, na ni bora kuliko sifuri. Ila asilimia 16 ya nini? Ni hisa kwenye kampuni, si kwenye mwamba. Faida ya kampuni inategemea ilichosema itachimba, kwa muda gani, kwa gharama gani. Makadirio yakiwa ya lumbesa, hata ungepewa 50 unagawiwa kwenye gunia usilolijua. Gabon imetangaza kuzuia kusafirisha manganizi ghafi kuanzia mwaka 2029. Ni uamuzi wa kijasiri, na huwezi kuufanya kwa akili kama hujui una kiasi gani, cha ubora upi, kitalisha viwanda kwa miaka mingapi.

Tunachodai

Tuache kulalamika kwa jumla. Tudai vitu vinavyoshikika.

Kwanza, hakuna saini kabla ya jedwali. Mradi wowote mkubwa wa madini, makadirio yake yachapishwe kwa Kiswahili: tani kwa kila ngazi ya uhakika, kiwango, mstari wa kukata, uzito uliotumika, tarehe, na jina la mtaalamu.

Pili, mwamba uhesabiwe wote. Chuma, titani, vanadi, manganizi, chochote kilichomo. Tusiuze ng'ombe kwa bei ya ngozi.

Tatu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ipewe bajeti na meno ya kurudia vipimo. Kiini cha mwamba hupasuliwa katikati, nusu inakwenda maabara. Ile nusu ya pili ibaki nchini, sandukuni, ikiwa na namba yake, ili siku ya ubishi tuwe na cha kupima badala ya cha kuhutubia.

Nne, mikataba iwekwe hadharani. Hili si ombi. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015 imeshasema mikataba, leseni na makubaliano ya sekta hii yachapishwe. Miaka imepita. Wewe umesoma mingapi? Na Bunge, ambalo sheria nyingine ya 2017 imelipa nguvu ya kupitia masharti hasi, litapitiaje mkataba bila kujua kilichouzwa kina ukubwa gani?

La tano ni letu sisi wenyewe, na najua litawakera baadhi ya makamanda. Tuache mabango ya kuzidisha. Kila tukirusha namba isiyo na mgongo, tunawapa wenye madaraka zawadi: wanatucheka kwa namba, na hoja yetu ya kweli inazikwa humo humo. Chama kinachotaka kuongoza dola hakiwezi kushindana na serikali kwa porojo. Kwenye porojo wao wana redio, televisheni na magari ya matangazo. Sisi tuwashinde kwa maswali. Mkutano wa kijiji ukiitishwa Ludewa, kijana wetu asimame na maswali yale sita, kwa heshima, kwa sauti, shikamoo zikishatolewa. Mbunge wetu yeyote atakayepata nafasi ya swali la nyongeza aulize ngazi ya makadirio, si "lini mradi utaanza", maana hilo "lini" limeshajibiwa mara nyingi kwa "mchakato unaendelea".

Mwamba wa Liganga hauna haraka, haujawahi kuwa nayo. Wenye haraka ni wale wanaotaka tusaini kabla hatujaupima. Safari ijayo mtu akitaja tani mbele yako, awe waziri au awe kamanda mwenzetu, usipige makofi na usizomee. Mwombe mizani uione.